Mama Pasi, Aliyesema "Mgongo Tu"

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke, na bado tunatega sikio mlangoni jioni kama vile utaingia.

Jina la Mama Pasi ulipewa na wenzako kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Shuka ikipita mikononi mwako haikutoka na mkunjo. Ulisimama kwenye mvuke mchana kutwa, na ukirudi nyumbani ulimvua Baba shati angali anakunywa chai: "Hebu lete hapa! Watu watasema huna mke."

Tulipohamia huku, lugha ya hapa ilitupiga chenga sote isipokuwa Kaka, kifungua mimba wako, dereva wa basi. Ukamfanya mkalimani wa jengo zima. Jirani akikohoa tu, ulishamshika mkono kumpeleka zahanati. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Twende, mwanangu atakusemea."

Yako ukayaficha. Uliingia kwa daktari na Kaka, ukamwambia, "Mwambie mgongo tu." Kaka akasema mgongo, daktari akatoa dawa za mgongo. Ikawa hivyo miezi na miezi. Kumbe uvimbe ulikuwa kwenye titi, na wewe hukuwa mama wa kumtajia mwanao wa kiume titi lako. Siku ulipomwonyesha mkweo, mke wa Kaka, ulimkanya: "Usimwambie mumeo, nitamtazama vipi?" Alimwambia siku hiyo hiyo. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Hatukulaumu, Mama. Haya yako ndiyo iliyotulea. Kinachotuuma ni kwamba zahanati ilikuwa na mkalimani mwanamke wa kwenye simu, ni wa kuomba tu, na pale mapokezi hakuna aliyewahi kutuambia. Walimwona Kaka anajua lugha, wakaona yamekwisha.

Sasa tunaomba. Mwanamke yeyote wa jengo letu akienda, mkweo anatangulia mapokezi na habanduki mpaka simu ipigwe. Amekuwa mkali kuliko wewe, na hilo si jambo dogo.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya mdogo wako, Mama Mdogo. Kaka aliwapeleka, akabaki nje kwenye benchi. Mle ndani Mama Mdogo, unavyomjua, alisema yote, na ambayo hakuulizwa akasema, hadi mkalimani akacheka kwenye simu. Naye alikuwa na uvimbe titini. Umeonekana ungali mdogo, na daktari amesema atapona.

Kaka alipoambiwa, alilia pale pale kwenye benchi, watu wakimtazama. Alisema, "Mama naye angesema. Angepata wa kumwambia, angesema."

Unakumbukwa na mumeo, Kaka na mkewe, mimi kitinda mimba wako ninayeandika haya, Mama Mdogo, aliye hai, wajukuu zako, wenzako wa kazini na majirani wa ghorofa zote.

Tutakukumbuka kila siku tutakayojaliwa, Mama.