Mashimo ya Kahawa Kwenye Mteremko Wetu

Alhamisi, Julai 1957. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa.

Leo nilifurahi. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilitoka kijijini mapema, nikavuka handaki lililochimbwa kukizunguka, nikateremka shambani ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto. Hii ni wiki ya pili tangu nitoke kizuizini. Huko kambini, miaka mitatu, sikuota mke wala chakula. Niliota mteremko huu tu: nduma zimesimama majini, ndege wakigombania matawi ya kujengea, udongo mwekundu ukinukia mvua, na kule chini, upande wa Thika, mkonge wa wazungu umepangwa safu kwa safu mpaka macho yachoke. Vyote nimevikuta mahali pake.

Kilichobadilika ni mwenye shamba.

Baba alitugawia kabla hajafa. Sehemu ya juu ya kaka yangu Kariuki, ya chini kando ya mto yangu. Nikiwa kizuizini kamati ya mashamba ikaanza kuunganisha vipande vya kila mtu viwe shamba moja, na Kariuki, ambaye alikuwa homgadi, mlinzi wa kijiji upande wa wazungu, akawaambia wazee wa kamati kwamba vyote ni vyake. Mama alikuwa amekaa palepale. Hakusema kitu. Simlaumu, alikuwa akila kwa Kariuki.

Siku nyingine namlaumu.

Nilipoachiliwa Kariuki alinipa kazi: kuchimba mashimo ya kahawa kwenye kipande changu mwenyewe. Nilikubali. Nani mwingine angemwandika mtu mwenye karatasi ya kizuizini kama yangu? Asubuhi hii jembe lilikuwa linaingia vizuri, udongo unabomoka laini, na mimi nalijua kila jiwe. Nikajikuta napiga mluzi. Mpita njia angedhani nalima kwangu.

Jua lilipochomoza kidogo mama alikuja na uji kwenye kibuyu. Hakunipa. Alisimama akitazama vigingi ambavyo Kariuki alivipanga kwa kamba kuonyesha mahali pa kila shimo.

"Hicho cha tatu kiruke," akasema.

"Kwa nini, mama?"

Akaweka kibuyu chini polepole. "Nyambura yuko hapo."

Nyambura ni binti yangu. Nilipokamatwa alikuwa anatambaa. Barua iliyonifikia kambini ilisema homa imemchukua, haikusema amezikwa wapi. Mama yake, Wambui, angenionyesha, lakini yuko Ruiru anachuma kahawa kwa mzungu na hajapata ruhusa ya kuja tuonane. Tangu nirudi sikuwa nimemuuliza mtu. Niliogopa kuonyeshwa.

Nilitazama. Nyasi tu. Hata jiwe hakuna. Na mimi nilikuwa nakwenda huko na jembe, napiga mluzi.

Nikang'oa kigingi.

Kariuki alitokea juu akiwa na koti lake refu la mvua. "Nani amepinda mstari wangu?"

"Mtoto wangu amelala hapa."

"Najua. Mimi ndiye niliyemzika, wewe ukiwa huko na ujeuri wako." Akachukua kigingi mkononi mwangu, akakirudisha palepale, akakikanyaga kwa kisigino mpaka kikazama.

Halafu akachuchumaa, sauti ikawa ya upole, ile ya tulipokuwa wadogo tukichunga mbuzi. "Mwaura, ndugu yangu. Kesho kamati inafunga kitabu cha mashamba. Kuna mzee mmoja anakataa kuandika jina langu mpaka akusikie wewe. Njoo useme huna neno na shamba hili. Ukisema, hapa sipagusi. Weka hata msalaba."

"Na nisiposema?"

"Basi kahawa itapandwa kwa mstari. Na shimo la kahawa si la kukwaruza, unajua."

Nilimtazama mama. Aliinamisha kichwa. "Kubali tu, mwanangu," akasema. "Nimechoka kuzika."

Nilishika jembe. Nitaandika ukweli: nilipima umbali kati ya jembe na kichwa cha kaka yangu, na ulikuwa mdogo. Kisha nikakumbuka waya wa kambi. Nikakumbuka pia kwamba hata nikimuua, kitabu kitafungwa kesho bila mimi, na mwingine atakuja kupanda.

"Nitasema," nikajibu.

Kariuki aling'oa kigingi, akanikabidhi kama mtu anayetoa zawadi.

Nikamwambia asante.

Hilo ndilo linalonichoma jioni hii kuliko shamba lenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Lilinitoka lenyewe, kama lilivyokuwa likinitoka kambini askari akinirushia kipande cha mkate.

Kariuki alipoondoka, mama alinionyesha upande wa kichwa na upande wa miguu. Ni padogo mno. Nilibeba mawe kutoka mtoni, nikayazungushia, na hatukuomba, kwa sababu kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

Kesho asubuhi nitasimama mbele ya wazee na kuwaambia kwa kinywa changu kwamba baba yangu hakuniachia kitu. Wakimaliza kuandika, nitarudi kuchimba. Kariuki anataka mashimo yote yawe tayari kabla ya mvua za vuli.