Behewa Langu Limepatikana Darini

Mama Hilda,

Ng'ombe nimeshamkatia majani. Maziwa yako kwenye ndoo nyeupe. Nimeshuka mjini kwa Ndelilio, mwenzangu wa reli.

Behewa limepatikana! Lile dogo nililounda kwa bati, ambalo wiki nzima nimekununia nikidai umelitupa. Leo asubuhi nilipanda dari ya jikoni kuchukua mbegu za mahindi, nikalikuta pale ulipoliweka lisikusumbue ukipika. Moshi wa kuni umefanya kilichoishinda rangi yangu! Paa lina masizi, ubavuni limefifia kama lenye kutu, sawasawa na yale tuliyokuwa tukipakia kahawa stesheni. Jumapili, kabla halijapotea, Ndelilio alinicheka, eti linang'aa kama gari la harusi. Leo nimelibeba alione mwenyewe.

~~Ila na wewe ungeniambia ulikoliweka.~~ Ulijaribu kuniambia, nikakukatiza.

Mengine matatu yako hapa mezani. Tafadhali yapandishe darini, juu ya moto kabisa. Usiyapanguse hata kidogo!

Wiki ya kununa sasa ni yako, ni haki. Lakini anza kesho. Leo jioni nitahitaji mtu wa kumsimulia uso wa Ndelilio.

Baba Hilda