Unyayo wa Oili Kwenye Gari Lako

Mwanangu Karisa, baba,

Mamako nakuamkua. Najua uko Kaloleni, umelala kando ya babu yako uliyechukua jina lake, na kwa mdomo huwa nazungumza nawe kila nikipika. Lakini haya ya leo ni marefu, nataka yapangike. Darasa langu unalijua, niliishia la sita. Ila hati yangu hakuna wa kuishinda kanisani kwetu, hata matangazo ya kina mama nayaandika mimi.

Ni habari za Mzee, gari lako.

Wakumbuka siku ulipolileta hapa Ziwa la Ng'ombe? Lilivutwa kwa kamba, kutu tupu, kuku walikuwa wametaga kwenye siti ya nyuma. Baba yako mdogo Katana alicheka mpaka akakaa chini. "Karisa, umenunua gari ama umenunua banda?" Ukamjibu, "Kuku wametangulia tu, baba mdogo, nawe zamu yako yaja." Na kweli ilikuja. Krismasi ulitupeleka nyumbani sote, yeye mbele na kofia yake, dizeli inanguruma, mimi nyuma nawapungia mkono watu nisiowajua. Wacha nijisifu, maana nimezaa: toka hapa mpaka Bamburi hakukuwa na fundi wa dizeli kama wewe. Ulikuwa ukilisikia gari la mtu likikunja kona, unamwambia kinacholiuma kabla hajazima. Nilikuwa nikipita pale gereji kwako bila shughuli yoyote, ili tu watu waseme, "Mama Karisa huyo."

Ukaniambia, "Mama, dizeli haitaki kulala sana. Nisipokuwepo uwe unaliwasha." Ukanikalisha kwenye usukani, ukanifunza: geuza ufunguo nusu, ngoja ile taa ya manjano izime, ndipo uwashe. Kisha tazama geji ya oili, sindano ipande. "Isipopanda, zima." Wewe mwenyewe ulisimama mlangoni miguu mitupu, maana viatu na kuendesha kwako havikupatana kamwe. Mguu wako wa kulia ulikaa pale pale kila siku, mpaka mkeka wa mpira ukalika.

Basi tangu tukuzike, kila Jumapili nikitoka kanisani naliwasha. Hata nguo sibadilishi. Naiweka Biblia kwenye siti, nageuza, nangoja taa. Sindano inapanda polepole, kama mtu avutaye pumzi.

Jumapili moja, nimeshaliwasha nikalizima, dadako Sidi alifungua mlango wa dereva atoe mwavuli. Hakurudi. Nikamwita, haji. Nikatoka jikoni, nikamkuta ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "kuna mguu."

Nikatazama. Kwenye mkeka palikuwa na unyayo, mweusi, unang'aa. Kisigino, ubavu wa mguu, na kidole gumba kilichojitenga kidogo na wenzake, kama chako. Nikaugusa. Ulikuwa na joto.

Niliufuta kwa tambara nikamwambia Sidi afunge mdomo. Jumapili iliyofuata ukarudi, mahali pale pale. Niliufuta tena, nikafunga milango mwenyewe, ufunguo nikautia kifuani. Ukarudi. Paka wa jirani yetu Bi Rehema, aliyezoea kulala juu ya boneti, aliacha. Sasa akilifikia gari hubanana na ukuta, akapita akiwa ameligeuzia uso.

Sidi mdomo haukufungika. Habari zikamfikia Katana, na tangu babako atutoke yeye ndiye mwamuzi wa mambo ya ukoo. Akaja na wazee. Wote ni Wakristo, mmoja hupitisha kikapu cha sadaka, lakini walipoinama kwenye ule mlango nyuso zao ziligeuka za watu wa zamani.

"Ni koma, mzimu wake," Katana akasema. "Marehemu anadai. Kuna kitu chake hakupewa."

"Kitu gani? Mwanangu nilimzika na suti."

"Kama hakijulikani, shemeji, basi gari liondoke. Jumamosi naleta lori, liende Mwakirunge likakatwe vyuma. Kabla halijamchukua mtu mwingine."

"Kumchukua? Karisa amchukue nani?"

"Sijasema Karisa. Nimesema gari."

Lakini alimaanisha wewe, baba. Hapo ndipo paliponichoma. Mwana niliyekuwa nikisimamishwa njiani nisifiwe kwa ajili yake, leo watoto wanavutwa mkono wasipite karibu na gari lake. Na likishakatwa, ndilo litakalobaki kusemwa: gari la Karisa lilikuwa na mambo. Nami, nikuambie la moyoni, nilikuwa nataka uwe wewe, na nilikuwa naogopa uwe wewe. Nikipita uani nilikuwa nakohoa kwanza, kama mtu anayebisha hodi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nakanda chapati. Nikaitazama mikono yangu, myeupe tupu, nikakusikia pale mlangoni kama zamani: "Mama, niazime unga." Nami nikifoka, "Unga wangu unapaka magari?" Nawe ukicheka. "Oili hujificha, mama. Unapangusa kila mahali, unanyunyiza unga, unawasha. Panapoanza weusi ndipo inapotokea."

Niliacha chapati zikakauka. Nikapangusa chini ya dashibodi yote, nikapangusa pedali, nikafuta mkeka, nikanyunyiza unga kila mahali. Bi Rehema akachungulia juu ya ua.

"Mama Karisa! Hata wewe? Wamlisha?"

"Simlishi. Natafuta panapovuja."

"Subhanallah. Wallahi mimi sioni kitu hapa." Na hakuondoka.

Nikawasha. Sindano ikapanda. Ndani mote mweupe kama sanda. Nikangoja, injini inatetemesha magoti yangu. Kisha kule juu, nyuma ya zile saa za mbele ya usukani, geji ya oili ikiwemo, mstari mweusi ukachomoza. Ukateremka kwenye ule weupe polepole, ukafika ukingoni, ukaanza kudondoka. Na matone hayakutapakaa, Karisa. Yaliingia kwenye lile bonde ulilolichimba kwa mguu wako, yakalijaza. Kisigino kwanza. Kisha ubavu. Kidole gumba mwisho. Niliuona mguu wako ukiumbika mbele yangu, najua kwa nini, na nywele zikanisimama vilevile.

Nikazima. Zile waya zako mbili zilizopindwa kama ndoana bado ziko kwenye kisahani cha majivu. Nikazipenyeza kando ya zile saa kama nilivyokuona, nikavuta, zikatoka zote na fremu yake. Nyuma kuna vumbi, waya, na kale kapaipu kembamba kanakopeleka oili kwenye geji. Na kwenye nati yake, Karisa, spana yako ndogo. Imeing'ata, inaning'inia, alama za vidole vyako kwenye grisi. Kama mtu aliyeinuka sasa hivi.

Nati ilizunguka kwa vidole tu, mtetemo wa Jumapili zote hizo umeilegeza. Ndani yake panapokaa washa, ile pete ya kuzibia mvujo, palikuwa patupu.

Hapo siku ile ikanirudia nzima. Kichwa chako kiko chini ya dashibodi, mguu mmoja nje. Ukatoka, ukazirudisha saa mahali pake Sidi asije akazichezea, ukaniambia, "Naenda barabarani mara moja, mama, nimekosa kitu kidogo tu." Ukapanda bodaboda. Mkiwa mwarudi likatokea lile lori la mawe.

Hospitali walinipa mfuko wa nguo zako. Kwenye mfuko wa shati mlikuwa na kipete cha shaba, kidogo hata kidole cha mtoto hakiingii. Nilidhani ulimnunulia msichana. Nikawa nawakagua wanakwaya vidole, nimtafute mwenye kidole chembamba hivyo, nimpende. Nilipomkosa nikakitia uzi, nikakivaa. Bi Rehema akaamini ni hirizi, nami nikamwacha aamini.

Nilikaa kwenye siti yako nikakivua shingoni. Kilikuwa kimelainika kwa ngozi yangu, kinang'aa. Ndicho kitu cha mwisho ulichokishika. Na nilijua, nikikitia pale, Jumapili sitauona mguu tena.

Nikakitia. Spana ilikuwa tayari pale, nikaikaza nati mpaka ikagoma.

Jumamosi Katana alikuja na lori. Sikubishana naye. Nilifungua mlango nikamwambia, "Ingia, shemeji, au waogopa?" Akaingia na kofia yake, akakaa ukingoni mwa siti. Nikaliwasha kupitia dirishani, sindano ikapanda, tukangoja mpaka mwenye lori akaanza kupiga honi. Mkeka mkavu.

"Mbona hamna kitu?"

"Si ulisema anadai? Alikuwa anadai washa yake. Nimempa."

Akavua kofia, akaishika mapajani kama yuko kanisani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Huyu mtoto alikuwa fundi." Nikamwambia, ufundi aliupata kwa nani? Lori likarudi tupu, na mtaa mzima uliona nani ametengeneza gari.

Jana ilikuwa Jumapili. Nilivua viatu vyangu vya kanisani, nikaweka mguu wangu kwenye bonde la mguu wako. Kisigino kikaingia. Ubavu ukakaa. Kidole gumba kikapata mahali pake, maana hata hicho ulikirithi kwangu. Shingo yangu nyepesi, nimezoea kitu hapo, mkono ukawa unakitafuta.

Na pale chini ya unyayo wangu palikuwa na joto. Ungesema, mama, hilo ni joto la injini. Haya baba, nimekubali.

Ila nilikuwa bado sijaliwasha.

Lala salama, mwanangu. Ukitaka kitu, sema nami. Usimtishe Sidi.

Mimi niliyekuzaa,
Mama Karisa, fundi wa dizeli