Mgongo wa Nashon na Reli za Gati Jipya

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo kidogo cha polisi, gati la Nakibale, Kampala
Kuhusu: Wizi wa reli za chuma katika gati la umma
Tarehe: Alhamisi, 19 Machi 2026, saa tatu asubuhi
Jina: Nashon Obura
Umri: Miaka 41
Uraia: Mkenya, mzaliwa wa Sindo
Kazi: Mbebaji wa abiria
Makazi: Kabalagala
Lugha aliyoitumia: Kiswahili
Mwandishi: Konstebo Aol, upelelezi

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwamba nimefanya kazi katika gati la Nakibale kwa miaka tisa. Kazi yangu ni kubeba watu mgongoni. Maji ya pale ufukweni ni ya kina kifupi na boti haziwezi kusogea hadi nchi kavu. Abiria anapanda mgongoni, mbebaji anaingia majini mpaka kiunoni, anamshusha ndani ya boti nguo zake zikiwa kavu. Kiongozi wetu ni Odur. Sheria yetu ni moja na kila mbebaji anaijua: abiria akishapanda mgongo wako mara ya kwanza, huyo ni wako. Mwingine hamgusi, hata kama wewe umechelewa. Atakusubiri.

Hortense namfahamu. Ni Mkongomani, anauza vitenge visiwani, anakaa Bugolobi katika vyumba vya nyuma ya maghorofa. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa mtoto, anatembea na mkongojo. Kwa miaka minne nimempeleka kwenye boti kila Jumanne na kumtoa kila Ijumaa. Hortense ni wangu. Afande ameniuliza, wangu kivipi. Nimejibu, kwa sheria ya gati. Afande ameniuliza kama Hortense mwenyewe ana habari. Nimejibu kwamba sijawahi kumuuliza.

Mtu akiwa mgongoni humwoni uso, unamsikia tu sikioni. Hortense alikuwa akinikaba shingo kwa nguvu na kusema, "Kaka Nashon, enda polepole." Hilo neno kaka sikulipenda, lakini ule mkono shingoni niliuelewa nilivyotaka mimi.

Mwaka jana gati lilianza kujengwa upya. Tuliitwa mkutanoni tukaambiwa kwamba gati ni la watu wote, kwa hiyo wazee, akina mama wajawazito na watu wa viti vya magurudumu lazima wafike kwenye boti bila kulowa na bila kubebwa. Litajengwa daraja la zege lenye mteremko mpaka kwenye kina, na reli za kushikilia pande zote mbili. Odur alimuuliza msimamizi wa mradi, "Na sisi, ssebo, bwana mkubwa, tutabeba nini? Upepo?" Watu walicheka. Hortense alikuwa amekaa mbele. Alipiga makofi mpaka mkongojo wake ukaanguka, na mimi ndiye niliyeuokota.

Fundi wa reli ni Ephraïm Kasereka, Mkongomani wa Butembo kama Hortense. Shati lake limepigwa pasi hata siku ya kazi, sijui fundi wa chuma anapiga pasi ya nini. Hortense akija, anaacha kazi na kumletea kiti. Wanaongea lugha ya kwao, haraka haraka, siambulii kitu, halafu wanacheka. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, mimi mwenyeji nikaugua. Afande ameniambia nijibu yanayohusu wizi. Nimesema haya yanahusu.

Ephraïm alipofunga reli, wabebaji tulimcheka kwamba ameziweka chini mno, kama za watoto wa shule. Aliendelea kukaza bolti kwa spana yake.

Jumamosi tarehe 14 Machi nilimsikia akimwambia Hortense kwa Kiswahili, "Kesho nitafika kwako asubuhi." Usiku ule usingizi haukuja.

Mnamo tarehe 15 Machi 2026, siku ya Jumapili, sikwenda kanisani. Nilikwenda Bugolobi. Nilifika saa tatu asubuhi nikaingia uani kwa kina Hortense. Majirani walikuwa wameondoka kusali. Nilisimama nyuma ya mashuka yaliyoanikwa kwenye kamba. Ephraïm alikuwa ameshafika. Alikuwa na bomba moja kuukuu, lenye kutu, na rangi ya kijani iliyobanduka. Ndilo bomba hilo mlilolichukua kwa Hortense mkasema ni la gati. Si la gati. Mimi nililiona saa tatu, na mlinzi wa gati mwenyewe anasema mpaka saa nne reli zote zilikuwepo, na alipozunguka tena saa sita hazikuwepo.

Nilimwona Ephraïm akimsimamisha Hortense kwenye ngazi za mlango wake. Alimwambia aweke mkongojo chini na aache mkono ulegee. Mkono ulipofika, hapo akachora ukutani kwa chaki. Hakupima kwa futi. Alimshika kiwiko. Nasema alimshika kiwiko kwa sababu nilikiona, na hakukuwa na haja, mwanamke alikuwa amesimama imara. Ndipo nilipoelewa zile reli za gati. Sisi tulidhani fundi amekosea, kumbe amezipima kwa mkono wa Hortense. Gati la watu wote! Roho iliniuma sana, nikatamani mashuka yale yanifunike kabisa.

Ephraïm alilifunga bomba lile kando ya ngazi, liwe reli ya kushikilia, hadi saa sita na robo. Hakutoka pale hata kwenda dukani. Kisha Hortense alipanda ngazi zake tatu peke yake, akashuka, akapanda tena. Alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia sikioni mwangu, miaka yote minne. Niliondoka.

Afande ameniuliza, "Masaa matatu yote, wewe uko nyuma ya mashuka?" Nimejibu ndiyo. Nilipofika yalikuwa yamelowa, nilipoondoka yalikuwa makavu. Afande ameniuliza nilikuwa nangoja nini. Nimejibu kwamba nilikuwa nangoja aondoke.

Jumatatu tulikuta askari gatini. Reli zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, hazikukatwa, na kwa kuwa spana ya bolti zile anakaa nayo Ephraïm, alikamatwa mbele yetu. Kazi ya daraja ilisimamishwa. Odur alituita pembeni akasema, "Mungu amekumbuka wabebaji. Kila mtu afunge mdomo." Nilifunga wangu. Nasema wazi kwamba nilifurahi. Siku ile nilikula samaki mzima na ugali wa watu wawili.

Jumanne Hortense hakusafiri. Jana Jumatano, saa kumi jioni, alikuja gatini. Wenzangu walisogea, kama ilivyo sheria, wakanipisha. Nilikwenda mbele yake nikainama. Hakupanda. Nilisubiri nikiwa vilevile.

Alisema, "Kaka Nashon, sikukuya kupanda. Nimekuya kukuambia, Jumapili nilikuona."

Nilisema, "Hukuniona mimi, dada."

Alisema, "Niliona miguu chini ya mashuka. Nikiwa mgongoni mwako naangaliaka chini, sababu naogopaka maji. Miaka ine naangaliaka miguu yako. Naijua kupita uso wako."

Kumbe ule mkono shingoni ulikuwa ni kuogopa maji. Yeye akaendelea, "Polisi wamekataa maneno yangu, wanasema mimi ni muchumba wake. Lakini wewe, Kampala muzima hakuna mutu anaweza kusema unamupenda Ephraïm."

Nilimuuliza kwa nini basi hakuwapa askari jina langu. Alisema, "Sikutaka wakulete kwa nguvu. Wewe haukunibebaka kwa nguvu." Kisha akageuka, akaenda na mkongojo wake mpaka barabarani. Mimi nilikuwa bado nimeinama, na Odur alikuwa ananitazama.

Asubuhi hii nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa. Nani alizichukua reli sikumwona. Najua mkimwachia Ephraïm mtatugeukia sisi wabebaji, na Odur hatanisalimia tena. Najua pia kwamba reli zikirudi, Hortense atakwenda mpaka kwenye boti bila mimi, na sauti yake sitaisikia tena sikioni. Ephraïm simpendi. Andika hivyo hivyo, afande, simpendi, hata shati lake silipendi. Lakini Jumapili kuanzia saa tatu mpaka saa sita na robo alikuwa Bugolobi, na mimi nilikuwepo.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyatenda mwenyewe. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nimeyakubali isipokuwa mahali pamoja nilipoomba parekebishwe.

(Sahihi) N. Obura

MAELEZO YA AFISA

Mimi Konstebo Aol nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyasema, bila kumlazimisha. Nilipokuwa nikimsomea, alinisimamisha kwenye maneno "Hortense ni wangu" akaomba niyafute. Nilimweleza kwamba kwenye maelezo ya polisi hakuna kufuta. Mwenye maneno anayapiga mstari mmoja, yanabaki yakisomeka, anaandika yaliyo sahihi juu yake, kisha anatia sahihi pembeni. Aliomba kalamu. Kisha akapiga mstari, na juu yake akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Hortense anatembea mwenyewe." Ametia sahihi.