Penseli ya Baba Makena

Jumanne, 7 Oktoba

Zamu ya mchana. Wagonjwa sita, mmoja mkorofi amenimwagia supu. Miguu imevimba. Nimefika nyumbani na kumkuta Makena kwenye kochi na kile kitabu chake cha Wakorea, picha tupu na maneno kwenye vipovu. Hakunisalimu mpaka nilipomsalimu mimi. Miaka kumi na sita. Mimi umri huo ningelala njaa.

Jumamosi ushirika wa akina mama uko kwangu. Mara ya kwanza tangu tumzike Baba Makena. Mapazia yamejaa vumbi la Texas nzima.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo niko off. Chapati arobaini, ziko kwa friza. Nimefagia chumba cha Makena. Rafu nzima ni hivyo vitabu, kumi na viwili. Jalada moja lina msichana mwenye upanga, macho meusi tititi, na nyuma yake wafu wanachomoza ardhini. Nimekirudisha bila kukifungua.

Marehemu ndiye aliyeanza kumnunulia, kwa duka la Wakorea hapa Carrollton, karibu na kinyozi wake. Siku za kusafishwa damu alikuwa anakaa kwa mashine saa nne nzima, na binti yake kando, wanasoma mapepo. Nilikuwa nikimwambia, Mutwiri, wewe ulifundisha Kiswahili sekondari miaka tisa, kwani hakuna kitabu kingine duniani? Anacheka tu. Alikuwa na kicheko cha kukunyamazisha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamekuja kumi na watano. Mama Mchungaji ametoka Alief, Houston, kutuhubiria. Chakula kimetosha, kimebaki hata. Halafu wakaizunguka nyumba kuiombea, chumba kwa chumba, kama desturi yetu.

Chumbani kwa Makena, Mama Mchungaji alisimama. Akachukua kitabu kimoja, akafungua, akatazama muda mrefu. Akauliza, "Hivi ni vya nani?" Hayo tu. Lakini wenzangu walitazamana, na Mama Terry akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna nyumba zinafiwa na hazijiulizi kwa nini. Uso uliniwaka.

Walipokaa kunywa chai nilivibeba vitabu kwa beseni la nguo mpaka nyuma ya nyumba. Jiko la nyama choma lilikuwa na makaa bado. Nikavipanga humo, nikavimwagia mafuta ya kuwashia. Akina mama wakatoka wakaimba. Nami niliimba. Sitajidanganya kwa daftari langu mwenyewe: nilijisikia mwepesi.

Makena alikuwa kwa mazoezi ya voliboli.

Jumapili, 12 Oktoba

Aliona rafu jana alipotoka mazoezini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alienda nyuma akachokora majivu na koleo ya nyama, akarudi mikono myeusi. Akaniuliza, "Umesoma hata kimoja?"

Kwa Kiswahili. Huyu mtoto hunijibu Kiingereza tangu aanze shule. Kilinishtua hicho Kiswahili kuliko swali lenyewe. Nikamwambia sihitaji kuonja sumu nijue ni sumu. Nikajiona nimejibu.

Kanisani nimeenda peke yangu. Mama Terry amenikumbatia mara mbili.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilienda kumwaga majivu kabla ya kazi. Chini ya wavu kulikuwa na kipande cha karatasi ukubwa wa kiganja. Yule msichana wa upanga, nusu uso. Kipovu chake cha Kiingereza. Na kando ya kipovu, kwa penseli: "Sitakusahau, hata wakinitoza jina lako."

Mwandiko wa Mutwiri. Ile k yake ya ubaoni, yenye mkia.

Nilikaa chini kwenye simiti na sare ya kazi. Nimepiga simu kazini nikasema naumwa. Si uongo.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemuuliza. Ameniambia akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kuingia.

Vyote. Kila ukurasa wa vitabu kumi na kimoja, na nusu ya cha kumi na mbili. Baba yake alikuwa anaandika Kiswahili kando ya kila kipovu, yeye anasoma kwa sauti, na mwisho wa sura anapewa alama juu ya kumi. Akikosea ngeli anakatwa. Hivyo ndivyo mtoto wangu alivyojifunza Kiswahili, na mimi najua leo.

Nimeuliza hadithi yenyewe inahusu nini. Kuna lango, nyuma yake kuna wafu wasiotulia. Walinzi wa lango wana nguvu za ajabu, lakini kila wakizitumia wanalipa kwa kumbukumbu moja. Msichana anaitwa Sorim. Ameshalipa kijiji chake. Ameshalipa uso wa mamake. Bado anapigana na hakumbuki tena anamlinda nani.

"Dad said it was about us," akasema. "People who come here." Sisi tuliohamia huku.

Aliniita, Mutwiri. Nakumbuka vizuri. Mara mbili aliniambia, Mwende, njoo siku moja uone tunachofanya na huyu. Nikasema nimechoka. Nilikuwa nimechoka kweli. Haisaidii.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeenda kwa duka la Wakorea, nimenunua vyote kumi na viwili upya. Nimevipanga kwa rafu nikamwita. Akavitazama vile unatazama mgeni aliyekaa kiti cha mwenye nyumba. Akasema thank you. Akafunga mlango.

Mjinga mimi. Kwani nilidhani nilichoma karatasi?

Jumapili, 19 Oktoba

Dadake Mutwiri, Kagwiria, amekuja kutoka Fort Worth kumchukua. Makena ndiye aliyempigia. Wiki moja tu, Kagwiria akasema, halafu akaangalia kando. Begi lilikuwa kubwa kwa wiki moja. Hata buti za baridi ametia.

Majuto ni mjukuu, husemwa. Wangu amefika mapema na amehamia kabisa.

Jumanne, 21 Oktoba

Mama Mchungaji amepiga simu. Nilitaka kukata. Akaniambia polepole: kitabu cha saba anacho yeye.

Siku ile aliona penseli. Aliona ni Kiswahili, na kizuri, akakitia kwa mkoba akinuia kuniuliza ni mkono wa nani. Alipotoka nje moto ulikuwa umeshika na watu wanaimba. "Nikaogopa akina mama, Mwende," akasema. "Mzee mzima. Nikaimba nao."

Nimelia kwa simu. Sijui kama ni hasira. Nimemwambia nakuja Jumamosi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nime-drive mpaka Alief, mvua njia nzima. Saa tano barabarani. Mama Mchungaji anakaa nyuma ya duka la unga na samaki wa barafu. Alikuwa amekifunga kitabu kwa leso safi. Akanipikia chai ya tangawizi, hakuhubiri.

Amekisoma mara tatu. Akaniuliza, huyu msichana uso wa mamake unarudi? Nikasema sijui, mama. Nilivyo navyo vipya sijavifungua. Akasema nikijua nimpigie.

Sikukifungua hapo. Nilikifungua kwenye gari, nje ya duka. Kila ukurasa. Penseli imefifia mahali mkono wake ulipotulia. Mwisho wa sura ya kwanza: "Makena, 6/10. Unameza herufi." Sura ya nne: "9/10. Sasa tunaelewana."

Nilisoma mpaka vioo vikaingia ukungu.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimepita Fort Worth baada ya ibada. Nimempa mkononi. Amekifungua akiwa amesimama, akatafuta ukurasa fulani, akaupata. Akakaa chini.

Hakunikumbatia. Nilimwambia nimekosa, bila "lakini" yoyote. Nimesema ni mimi, si ushirika, si shetani. Hakuna aliyeniambia nichome. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia mlango uko wazi, nikaondoka kabla Kagwiria hajaleta chai.

Ijumaa, 31 Oktoba

Makena alini-text saa sita mchana: ataletwa kesho. Sijamjibu zaidi ya sawa. Mama Terry ameuliza kama ushirika ujao nitaweza kuleta chapati. Nimesema sitakuja. Sikutoa sababu.

Jumapili, 2 Novemba

Makena yuko. Baada ya chakula cha mchana aliweka mezani kitabu cha kwanza kati ya vile vipya, akaweka penseli. Kisha akaanza kunitajia maneno ya babake, kipovu baada ya kipovu, macho ameyafumba. Mimi naandika. Anayakumbuka mengi. Si yote. Mahali pengine alisimama, akajaribu, akatikisa kichwa.

Kwenye moja ya hizo nafasi niliandika sentensi yangu, Sorim akimuaga mamake. Nilidhani itafaa. Akaisoma kwa sauti. Akaifuta, lakini si yote, bado inasomeka. Akasema hapo tuache wazi.

Tumefanya kurasa nane. Mwisho wake akanichukulia penseli akaandika pembeni, kwa k yenye mkia: "Mama, 4/10. Unakimbilia mwisho."

Babake angenipa tatu. Nimetoa sahani mezani.