Oili Iliyoandikwa Kitabuni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwanza kwa niaba ya nyumba nzima, halafu kwa niaba yangu, maana najua ukishasoma salamu za wote utauliza, na Sisimizi je? Nipo, siumwi. Wewe je, kile kifua kimepoa? Mama anasema usivue fulana ya ndani hata jua likiwaka. Yeye mguu wake unauma asubuhi tu, ukishapata moto anausahau. Baba ni mzima wa mwili.

Nimeandika "wa mwili" makusudi. Kwenye simu tunapokezana, na kila anachosema mmoja wote wanasikia. Na mimi unanijua, nikipewa simu nasema "mzima, mzima" kisha nairudisha kama imeniunguza. Ndiyo maana nimeona bora nikuandikie.

Gari halitembei, kaka. Baba alikwambia lina hitilafu ndogo wanaishughulikia. Si ndogo. Injini imekufa. Wiki ya saba sasa gari limelala kwenye yadi ya kampuni iliyotuuzia, na kampuni inasema waranti imepotea, hawatoi injini nyingine. Unajua kilichomo ndani ya gari lile. Ni kiinua mgongo chote cha baba, miaka kumi na tisa ya kuendesha magari ya watu akisema ipo siku ataendesha teksi yake mwenyewe. Wasipotoa injini, hiyo siku imeshapita. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, na nakuomba usinikasirikie kabla sijafika mwisho.

Ulipoondoka kwenda masomoni uliniachia kazi ya kusoma karatasi za Kiingereza zinazoingia humu ndani. Wewe ulikuwa unasoma moja kwa moja, neno kwa neno, na baba alikuwa anakukasirikia wewe kana kwamba ndiye uliyeziandika. Mimi nilianza hivyo hivyo. Kisha ikaja ile barua ya shule, iliyosema sifungui mdomo darasani hadi walimu wanadhani sielewi kitu. Baba akasema, haya, soma. Nikasoma kwamba walimu wanasema nina utulivu na adabu. Baba akafurahi, mama akafurahi, na dunia haikuanguka. Basi nikaendelea. Karatasi ikija na makali, nayapunguza kidogo kabla hayajamfikia mtu. Siku moja baba akawaambia wageni, kaka yake huyu husoma kama hakimu, lakini huyu anasoma kama binadamu. Nilijificha jikoni, ila nilifurahi. Hakuna aliyewahi kunisifu mbele za watu.

Gari lilipokuja na nailoni zake kwenye viti, lilikuja na kitabu cha waranti, Kiingereza kitupu, kurasa mia na kitu. Nilikisoma chote kwa siku mbili. Nikamweleza baba kwamba sevisi si lazima ifanyike kwa kampuni, gereji yoyote inaruhusiwa, mradi kila risiti itunzwe. Hilo nililisoma sawasawa. Baba akanunua faili jipya siku hiyo hiyo.

Sevisi ya kwanza tulikwenda kwa Fundi Kumi na Saba. Hajabadilika, ile spana namba kumi na saba bado iko mfukoni hata akivaa suti ya harusi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, boneti iko wazi, na mafundi wengine wanne wamekaa juu ya matairi chakavu kama wako barazani. Baba akauliza kama ipo oili ya sintetiki, maana amesikia magari mapya yanaitaka. Fundi akacheka. Alisema sintetiki ni fasheni ya watu wa maofisini, nyepesi kama maji, na kwamba injini haina kabila, oili ya kawaida ya kwenye pipa lake imeshakuza injini ngapi, na hiyo hiyo ndiyo baba aliyokuwa akitumia miaka yote bila gari hata moja kumfia. Baba akasema yeye anafuata kitabu. Fundi akamuuliza hicho kitabu kimewahi kushika spana? Wale wanne wakaangua kicheko. Mmoja akasema, mzee ameoa gari, sasa anaomba ruhusa kwa mkwe.

Baba hakupenda. Akasema, basi tusibishane, kitabu hiki hapa na msomaji huyu hapa. Akanigeukia. Wote wakanigeukia. Nikafungua ukurasa wa sitini na tatu. Fundi akafuta mikono kwa tambara, akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya utani, "Haya Sisimizi, kitabu kinaniita mjinga?" Nikasoma kimoyomoyo. Kisha nikawaambia kitabu kinasema sintetiki ni bora, lakini oili ya kawaida nayo inafaa, ikiwahi kubadilishwa.

Fundi akapiga boneti kofi la furaha. Baba naye alifurahi, maana hakuna aliyeshindwa. Na alishika neno lile kama ahadi. Kila kilomita elfu tano, hata kabla hazijatimia, yuko gereji. Alichomoa kijiti cha kupimia oili kila asubuhi, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakitazama kama daktari. Hakuna gari lililotunzwa kama lile.

Halafu siku moja, akipanda mlima na abiria wawili, ile taa nyekundu ya oili, yenye umbo la birika, ikawaka. Alisema alisikia mlio kama mawe ndani ya debe, kisha kimya. Kampuni wakalivuta hadi yadi. Mhandisi mwenye ovaroli safi akafungua kifuniko cha injini mbele yetu, na ndani mlikuwa na kitu cheusi kimeganda kama lami. Akaomba risiti. Kaka, ungemwona baba. Alilifungua faili juu ya kaunta kwa fahari, risiti zote, zimepangwa kwa tarehe, na kila moja imeandikwa kwa mkono wa fundi, herufi kubwa, OILI YA KAWAIDA. Angekuwa mtu wa ovyo asiyetunza karatasi, labda wangekosa ushahidi.

Meneja ni kijana mpole. Alimwambia baba kwa Kiswahili safi kwamba yeye hasemi ni oili iliyoua injini, huenda ndiyo, huenda siyo, lakini kitabu kinadai sintetiki peke yake, na sharti likivunjwa waranti imekwisha. Baba akamwambia si kweli, binti yangu amekisoma. Meneja akafungua ukurasa wa sitini na tatu, akausogeza mbele yangu, akaniambia, mdogo wangu, hebu msomee mzee. Baba naye akasema, msomee yeye, asikie. Nilitazama ukurasa. Nikasema herufi ni ndogo mno. Baba akapandisha sauti, akawaambia mnamtisha mtoto, mmebadilisha vitabu, cha kwetu hakisemi hivyo. Akanishika mkono, tukatoka.

Tangu siku hiyo anaamini ametapeliwa. Fundi Kumi na Saba anakuja hapa kila jioni, chakula hakimpiti, anasema yuko tayari kwenda kushuhudia kwamba alisikia kitabu kikiruhusu kwa masikio yake mwenyewe. Wanakaa wawili kwenye ngazi wanapanga watakavyosema. Juzi fundi aliniomba nimwandikie ule ukurasa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, aende nao.

Kaka, ukurasa ule una sentensi mbili tu kuhusu oili. Ya kwanza inasema itumike sintetiki peke yake. Ya pili inasema oili nyingine yoyote inafuta waranti ya injini. Nilizielewa zote mbili pale pale, boneti ikiwa wazi. Hayo ya "ikiwahi kubadilishwa" niliyatunga mimi, kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na fundi aliuliza kama kitabu kinamwita mjinga, na sikujua namna ya kusema ndiyo.

Hilo si lote. Meneja alitupa anwani ya makao makuu, akasema malalamiko yaandikwe kwa Kiingereza. Baba alinitamkia barua saa nzima, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Andika, mimi si mwizi. Andika, sijaruka sevisi hata moja. Andika, kitabu chao kilisema inafaa. Mimi nikaandika, lakini sikuandika aliyosema. Niliandika kwa Kiingereza kwamba kitabu kilikuwa wazi kabisa, kwamba aliyesoma ni mimi na nilisoma uongo, kwamba baba hana kosa lolote, na nikawaomba wampe injini kwa huruma. Nilidhani ukweli ukifika mahali penye watu wakubwa utamsaidia. Nikampelekea. Akauliza, umeandika yote? Nikasema yote. Akasaini, ile saini yake ya polepole, na chini akaweka tarehe.

Jibu limekuja wiki iliyopita. Wanashukuru kwa uwazi. Wanasema kwa kuwa mwenye gari mwenyewe amekiri kwa maandishi na kwa saini yake kwamba masharti yalieleweka na hayakufuatwa, shauri limefungwa na halitafunguliwa tena. Baba alikaa kitandani akaniambia nisome. Nikasema wameipokea barua, wanaifanyia kazi.

Ameliweka jibu hilo ndani ya faili, pamoja na nakala ya barua niliyoandika. Kila siku anakwenda yadi kwa miguu na kitambaa chake, anafuta vumbi kwenye gari. Walinzi wanamtania, mzee, leo mgonjwa ameamkaje? Anawajibu, anapata nafuu. Mara tatu nimekwenda hadi mlangoni kwake nimwambie. Mara tatu amenyanyua uso, akaniuliza, unasemaje mwanangu, nami nikasema maji ya kuoga yamechemka.

Anakusubiri wewe mwisho wa mwezi. Anasema ukija utakwenda nao sawa kwa Kiingereza chao wenyewe, na atakupa faili kabla hujavua viatu. Sikuombi uokoe kitu, hakuna cha kuokoa, nimelisoma jibu lile mara nyingi nikitafuta pa kupitia, sipaoni. Nilitaka kukuomba unitetee, nikaona haya. Nilitaka kukuomba useme faili limepotea, nikaona haya zaidi. Basi likifika mkononi mwako msomee, barua yangu na jibu lao, zote, kama zilivyo. Mimi sitakwenda jikoni. Nitakaa pale pale karibu naye, na fundi akiwepo mwache akae.

Mama anakusalimu sana, anasema uje na nguo zako chafu azifue mwenyewe. Baba amepita hapa sasa hivi, akaniuliza namwandikia nani. Nilipomwambia ni wewe akafurahi, akasema nikuandikie kwamba jambo letu linakwenda vizuri, usiwe na wasiwasi, soma kwa bidii. Hizo ndizo salamu zake, nimeziweka kama alivyozitamka.

Mdogo wako,
Sisimizi