Wankuru Alitaka Aulizwe

Shule ya Msingi,
Kijijini, Mugumu,
Wilaya ya Serengeti.
Mwezi wa nane, 1976.

Kaka yangu Saidi,

Shikamoo. Mimi mdogo wako Hamisi ni mzima, ila mafua ya vumbi hayaniachi. Kiangazi kimeshika, na juzi nyumbu wamepita kando ya kijiji siku mbili mfululizo, wakatuachia vumbi ambalo mpaka leo tunalila kwenye ugali. Nyie hali zenu? Kifua cha Mama kimetulia? Barua yako niliipata, na nilisikitika kusoma kwamba bado mnashuka bondeni kufuata maji. Mama asishuke tena, kaka. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Leo nitaandika kirefu, kwa hiyo tafuta kivuli ukae.

Nilishakutajia mwanamke mmoja wa hapa anayekimbia, lakini nilikutajia juu juu. Anaitwa Wankuru. Ana miaka ishirini na miwili, ana mtoto mmoja wa kike, na anaishi na mama yake ambaye ni mjane. Watu wa hapa walipohamishiwa kijiji hiki mwaka juzi, waliacha mashamba yao ya zamani nyuma ya vilima. Wengi waliyasahau. Mama yake Wankuru alikataa kulisahau la kwake, kwa sababu mumewe amezikwa humo na mihogo ilikuwa bado ardhini. Lakini ni mbali. Ukienda kwa miguu na kurudi, kengele ya shamba la kijiji imekwisha kulia na jina lako limeandikwa kwenye orodha ya wavivu.

Basi Wankuru akawa anakimbia. Alfajiri anakwenda, analima, anachimba mihogo, anarudi mbio na jembe mkononi na kikapu mgongoni kabla kengele haijapigwa. Siku ya kwanza kumwona, niliwatuma wanafunzi wangu wa darasa la saba mbio za mchakamchaka, naye akawapita wote pale kwenye mteremko wa kijito, na mihogo yake mgongoni.

Nikamwuliza, "Dada, unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu, Mwarimu," akasema. Huku wananiita hivyo, herufi ya "l" inawapa taabu. "Naikimbilia kengele."

Nikaazima saa ya kupimia mbio kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, nikapima uwanja kwa kamba, tukaanza. Alikimbia Mugumu akashinda. Akakimbia Musoma akashinda. Akapelekwa Dar es Salaam, na huko akachaguliwa kwenye timu ya taifa, mita elfu moja na mia tano, kwenda Michezo ya Olimpiki kule Montreal, Kanada. Kaka, wazee wa hapa, ambao redio yangu walikuwa wanaisikiliza kwa ajili ya bei ya pamba tu, walianza kuja kuniuliza Kanada kuna ng'ombe wa aina gani.

Alikaa kambini miezi miwili. Mwezi uliopita wakampa ruhusa ya siku chache aje kuaga nyumbani. Kijiji kikachinja fahali. Wanawake wakapika kuanzia asubuhi, na watoto wa shule nikawafundisha wimbo.

Saa saba mchana niliingia ndani kubadilisha shati. Redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Nikasikia kwamba Serikali yetu imeamua timu isiende Montreal.

Sababu utakuwa umeisikia nawe. New Zealand imepeleka timu yake ya raga kwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, mwaka huu huu, wakati mwezi wa sita kule Soweto wamewapiga risasi watoto wa shule waliokuwa wanaandamana. Nchi za Afrika zikadai New Zealand izuiwe kwenye Michezo. Haikuzuiwa. Baadaye tumesikia kwamba nchi nyingine timu zao zilikuwa zimekwishafika huko, zikafungasha na kurudi.

Nilitoka na shati halijafungwa vifungo, nikamfuata mwenyekiti wa kijiji, Mzee Marwa. Nikamnong'oneza. Akatazama masufuria, akatazama watu.

"Mwarimu," akasema, "acha watu wale kwanza."

Nami nikaacha. Hili ndilo kosa langu la kwanza. Nilikaa pale na nyama mkononi, nikamwangalia Wankuru anasimama kuwashukuru watu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimshukuru mama yake aliyemlelea mtoto. Akanishukuru mimi. Akasema, "Nikifika huko nitakimbia kama naiwahi kengele." Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Ndipo Mzee Marwa akanipa ishara, nikasimama, nikasema nilichosikia.

Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu. "Ulisikia saa ngapi?"

"Saa saba."

"Ukaniacha nikashukuru?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Watu walikasirika, tena si kidogo. Mzee mmoja akauliza, "Hao New Zealand wametukosea nini sisi? Wameiba ng'ombe wetu?" Nikaeleza habari ya makaburu na ya watoto wa Soweto. Lakini niliona maneno yangu yanapita juu ya vichwa vyao kama mawingu yasiyo na mvua. Afrika Kusini ni mbali, na fahali aliyechinjwa alikuwa wa hapa hapa. Ndipo nikakutaja wewe.

Nisamehe, kaka. Sikuwa na ruhusa yako. Niliwaambia kwamba kwetu Newala tunaishi juu ya mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto alikuwapo Mreno. Nikasema nina kaka yangu aliyekuwa winga wa kushoto, mtu ambaye akishika mpira beki wa upande wa pili anaanza kuomba. Nikasema alikuwa ameitwa kwenda kuchezea timu ya mkoa. Nikasema kijiji chetu kilikuwa kinabeba chakula na dawa kuwapelekea wapigania uhuru wa Msumbiji, na siku ya zamu yake alikanyaga bomu lililotegwa kwenye njia ya mtoni, na mguu wa kushoto ukaishia pale. Nikasema mwaka jana Msumbiji imepata uhuru, na kwamba ule mguu umo ndani ya uhuru huo. Nikasema kama kaka yangu alitoa mguu mzima, sisi hatuwezi kutoa mbio moja?

Nilidhani nimeshinda.

Wankuru akasema, "Huyo kaka yako alikubali?"

"Ndiyo," nikasema. "Alikubali."

"Alikwambia yeye mwenyewe?"

Nikainamia vifungo vya shati langu.

"Basi hukumwuliza," akasema. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Na mimi hamjaniuliza. Niulizeni."

Mzee Marwa akashangaa. "Tukuulize nini, mama? Nchi imeshasema. Jambo limekwisha."

"Najua limekwisha. Tulipohamishwa pia lilikuwa limekwisha. Sisi tunaitwa mambo yakishakwisha, tupige makofi. Miguu hii ni yangu. Niulizeni, ndipo nijue kama nimeitoa au nimenyang'anywa."

Mwenyekiti akaanza kukasirika, na mimi niliona hofu yake pia, maana katibu wa kijiji alikuwapo na maneno kama hayo yanasafiri mpaka wilayani. Lakini mama yake Wankuru akainuka, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akizungumza mkutanoni. Akasema, "Marwa, mwulize mtoto wangu."

Wazee wawili wakasema, "Mwulize." Wanawake wakasema, "Mwulize."

Mzee Marwa akavua kofia. Akasema polepole, "Wankuru, taifa limeamua usiende. Unakubali?"

"Nitajibu kesho," akasema, akaondoka.

Asubuhi yake nilimfuata. Safari hii hakukimbia. Tulitembea mpaka shamba la zamani, akanionyesha kaburi la baba yake lililozungukwa na mkonge. Akaanza kulima, nami nikachukua jembe la pili. Hakuniuliza habari za siasa. Aliniuliza wale watoto wa Soweto walikuwa na umri gani.

Nikamwambia, "Wengine kama wa darasa langu. Wengine wakubwa kidogo."

"Walikuwa wanataka nini?"

"Walikataa kufundishwa kwa lugha ya makaburu."

Alilima mistari mitatu. Kisha akasema, "Na wao hawakuulizwa."

Jioni watu walikusanyika wengi kuliko siku ya nyama. Wankuru alisimama na mtoto wake mgongoni. Maneno yake nimeyaandika yote, kwa hiyo nakupa kama yalivyo.

"Jana nilikuwa na hasira, na leo bado ninayo. Nilijiandaa, na ninajua ningekimbia vizuri. Lakini ningesimama mstari mmoja na watu waliotoka kucheza na wauaji wa watoto, na dunia ingetazama ione kwamba sisi hatuna neno. Sitaki. Hata kama Serikali ingesema nenda, sasa ningekataa. Mmeniuliza, nami nakubali. Katibu, andika kwenye kitabu cha kijiji kwamba niliulizwa."

Katibu akaandika. Akamwita aje aone. Wankuru amejifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima, kwa hiyo aliweka kidole chini ya kila neno, akasoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali.

Siku ambayo mbio zake zilikuwa zimepangwa kule Montreal, alikuja uwanjani kwetu, pekupeku, akasema, "Pima." Nikampigia filimbi. Alikimbia peke yake, kijiji kizima kimesimama kwenye mstari wa kamba. Kaka, ningependa kukuandikia kwamba alivunja rekodi. Hakuvunja. Uwanja wetu una mawe, na mzunguko wa mwisho upepo ulimpiga kifuani. Muda ulikuwa mbaya kuliko wa Dar es Salaam. Nilisita kumwambia.

"Sema," akasema huku anahema. Nikasema.

"Andika hivyo hivyo. Jumamosi tunarudia."

Na tumerudia kila Jumamosi. Wiki iliyopita wamekuja wanawake watano kukimbia naye, mmoja wao ana mimba, nimemrudisha. Mzee Marwa naye ameitisha mkutano kuuliza, nasema kuuliza, kama wenye mashamba ya zamani waruhusiwe kufika shamba la kijiji baada ya kengele kwa siku mbili za wiki. Wamebishana mpaka jua likatua, lakini hoja imepita. Mama yake Wankuru aliinua mikono yote miwili, wakamhesabu mara moja.

Sasa, kaka, nikwambie lililonifanya nikae na kalamu hii.

Tulipokuwa tunalima pale kaburini, Wankuru alilirudia swali lake. Akasema, "Kwa nini hukumwuliza kaka yako?" Nikamjibu maneno ya kuzungukazunguka. Yeye akaendelea kulima. Lakini mimi jibu nalijua, nimelibeba miaka saba.

Orodha ya zamu ya kubeba mizigo ulidhani ilipangwa na mzee wa tawi la chama. Siyo. Mzee wa tawi alikuwa hajui kuandika, akanipa mimi kazi ile kwa sababu nilikuwa nimetoka shule na mwandiko wangu ni mzuri. Aliniambia, "Nyumba yenu itoe mmoja." Mmoja, kaka. Angeweza kuwa mimi. Nilisema moyoni, Saidi ana miguu. Nikaandika jina lako, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Sikuja kukuuliza, na ulipolisikia jina lako linasomwa ulisimama tu, ukajifunga mzigo.

Nimesimama mbele ya kijiji kizima nikautoa mguu wako mara ya pili, bila kukuuliza mara ya pili. Sitafanya hivyo tena. Wanafunzi wangu nawafundisha kwamba uhuru wa Afrika ni mmoja, na nitaendelea kuwafundisha, maana ni kweli. Lakini sitausema mguu wako tena mpaka nijue wewe mwenyewe unausemaje.

Kwa hiyo nakuuliza, Saidi, kwa kuchelewa, kama Mzee Marwa alivyouliza na kofia mkononi. Ulikubali? Na kama siku ile ningekuja kukuuliza, ungesema nini? Usinionee huruma kwa sababu mimi ni mdogo wako. Ukisema hapana, nitaisoma hapana yako mbele ya watu wale wale niliowaambia ndiyo. Na kama hutaki kunijibu kabisa, hiyo pia ni haki yako, nami nitaipokea.

Mwezi wa kumi na mbili shule ikifungwa nitakuja Newala, umenijibu au hukunijibu, nije nikae mbele yako.

Mama mshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu, mwambie mwanawe anakula vizuri. Shemeji, mkeo, nampa pole kwa kazi za maji. Mjomba anayekupimia korosho asikuibie kwenye mizani, mwambie ninamjua. Dada yetu wa Masasi akipita, mwambie mtoto wake niliyeahidi kumnunulia daftari sijamsahau. Mwalimu wetu mzee aliyenifundisha mwandiko, kama bado yu hai, msalimie, ila usimweleze nilivyoutumia.

Ni mimi, niliyeandika jina lako,

Mdogo wako,
Hamisi